Rudisha Sanduku, Acha Maelezo

Hotuba kwa vijana wa filamu na wapenzi wa sinema, Kisumu

Wazee wetu, akina mama, walimu, vijana mliopanda matatu alfajiri kutoka Nakuru na Kakamega, nanyi mliokuja kwa miguu kutoka Nyalenda: itifaki imezingatiwa. Mwenyekiti amenipa nusu saa na swali moja. Nitajaribu kulimaliza swali kabla nusu saa haijanimaliza mimi.

Swali lenyewe ni hili. Filamu ya kukua, ile ambayo anayeingia mwanzoni ni mtoto na anayetoka mwishoni si mtoto tena, ikirudishiwa maonyesho yaliyokatwa wakati wa kuhariri, inanoga au inaharibika? Mimi ni mhariri, ugali wangu unatokana na mkasi, kwa hiyo huenda mnatarajia niseme kilichokatwa kikae huko huko kilikotupwa. Sisemi hivyo. Kwenye meza ya uhariri hukatwa maonyesho ya aina mbili: yanayoeleza, na yale ambayo kila mtu chumbani anasema hayana kazi. Toleo refu likitoka miaka baadaye, yanayorudishwa kwa shangwe ni yale yanayoeleza, na hayo ndiyo yanayoharibu. Yale yasiyo na kazi hayana wa kuyalilia. Leo nimekuja kuyalilia.

Nianze na filamu ambayo yenyewe inasimulia habari za kukata. Mwaka 1988 Giuseppe Tornatore, mtoto wa Sicily, alitoa Cinema Paradiso. Kijana mdogo, Totò, anaipenda sinema ya kijijini mpaka anageuka mkia wa Alfredo, mtu anayeendesha projekta. Kabla filamu yoyote haijaonyeshwa kwa watu, padri wa kijiji huitazama kwanza peke yake, kengele mkononi. Midomo miwili ikikaribiana tu, kengele inalia, Alfredo anachomeka kikaratasi kwenye utepe kuweka alama, kisha anakata. Watu wa kijiji kile wamekaa miaka bila kuona busu hata moja, na kila picha inaporuka wanazomea ukumbi mzima. Nawaelewa. Mimi nimelelewa na vibanda vya video, najua kuzomea.

Filamu hiyo ilipotoka kwao Italia ilikuwa na takribani dakika 155, na watu hawakuijia. Ikapunguzwa ikabaki takribani 124. Hilo toleo fupi ndilo lililotuzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1989, na mwaka uliofuata likabeba Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kisha mwaka 2002 likaja toleo la mwongozaji, karibu saa tatu.

Sasa sikilizeni kilichorudi. Katika toleo fupi, Totò akiwa kijana anampenda msichana anayeitwa Elena, msichana anatoweka, na Alfredo, ambaye sasa ni kipofu kwa sababu ya moto ulioteketeza sinema, anamwambia kijana aondoke kijijini na asirudi tena. Anaondoka. Anarudi miaka 30 baadaye akiwa mwongozaji mashuhuri, kumzika Alfredo. Elena alikwenda wapi? Hatuambiwi. Katika toleo refu tunaambiwa yote. Anampata Elena, mama mtu mzima, ameolewa na kijana aliyesoma darasa moja na Totò. Elena anamweleza kwamba siku ile alikuja sinemani kumtafuta, Alfredo akamshawishi aachane naye, na kwamba alimwachia ujumbe ambao hakuuona. Totò, sasa mtu mzima, anarudi kwenye kile chumba cha projekta kilichojaa vumbi, anapekua makaratasi, anaupata.

Ni onyesho zuri. Limeigizwa vizuri, limepigwa vizuri. Lakini tazameni linachomfanyia Alfredo. Mwishoni mwa matoleo yote mawili, Totò anakabidhiwa utepe ambao Alfredo alimwachia, na ndani yake mna mabusu yote yaliyokatwa na kengele ya padri, yameunganishwa moja baada ya jingine. Katika toleo fupi utepe ule ni zawadi. Katika toleo refu picha ni zile zile, muziki ni ule ule, ila sasa tunajua mzee huyu alimkata Totò busu lake mwenyewe, na utepe umekuwa malipo ya deni. Onyesho la mwisho halikuguswa hata kidogo, lakini limebadilika, kwa sababu ya dakika zilizorudishwa nusu saa kabla yake.

Kuna rafiki zangu wanaoapa kwamba toleo refu ndilo bora, na hoja yao si nyepesi. Wanasema katika toleo fupi Elena ni sura tu ya msichana mrembo, na kwenye toleo refu ndipo anapopata kinywa na upande wake wa habari. Hilo ni kweli, silipingi. Ila filamu inayopatikana hapo ni ya watu wazima wawili waliodhulumiwa. Ya mtoto anayekua imekwisha.

Na hapa ndipo filamu za kukua zinapotofautiana na nyingine. Filamu ya upelelezi inatudai jibu. Usipomtaja muuaji, watu watataka nauli yao. Lakini kijana wa miaka 13 hapewi majibu. Anaona watu wazima wakinong'ona jikoni, wanyamaze akiingia. Anaona baba anauza ng'ombe, haambiwi kwa nini. Filamu nzuri ya kukua inatuketisha kwenye kigoda cha mtoto, tunaona kiuno cha mambo, vichwa hatuvioni. Rudisha onyesho la maelezo, umemwinua mtazamaji akawa na urefu wa mzazi, na kutoka juu huko mtoto anaonekana mdogo tu.

Mfano mwingine, huu wengi mnaujua. The Breakfast Club ya John Hughes, 1985: wanafunzi watano wamefungiwa shuleni Jumamosi kwa adhabu, dakika 97. Lilikuwako toleo la awali la takribani saa mbili na nusu. Miongoni mwa yaliyokatwa ni onyesho ambalo Carl, mfanyakazi wa usafi wa shule, anawatabiria kila mmoja atakuwa nani miaka 30 baadaye. Nani asingependa kuliona? Mimi ningeliona hata mara mbili. Lakini katika filamu kuna swali ambalo mmoja wao anauliza wakiwa wameketi sakafuni: Jumatatu tukikutana, tutasalimiana? Filamu yote imesimama juu ya Jumatatu hiyo isiyofika. Carl akishatabiri miaka 30, Jumatatu imekufa. Mwaka 2018 ilitoka diski yenye karibu dakika 50 za maonyesho yaliyokatwa, na waliofanya kazi hiyo walikuwa na akili: waliyaweka pembeni, ya kutazamwa na anayetaka, filamu wakaiacha ilivyo. Donnie Darko, filamu ya kijana anayeona maono ya mwisho wa dunia, haikuwa na bahati hiyo. Toleo la mwaka 2001 linakuacha na kizunguzungu kizuri. La mwaka 2004, lililoongezwa dakika 20, linakufungulia kurasa za kitabu cha kubuni zinazofafanua mambo ya kusafiri katika wakati. Ni kama kwenda uwanja wa Mamboleo kutazama Gor Mahia wakicheza, halafu jirani yako kwenye kiti akutangazie mchezo mzima kutoka redio ya simu yake.

Kuna wanaokata kabla hata ya kupiga picha, na hao nawavulia kofia. Katika Moonlight ya Barry Jenkins, ya mwaka 2016, Juan anamfundisha mtoto kuogelea baharini, anakuwa kama baba. Sura ya pili ikianza, Juan hayupo. Mama wa kijana anataja mazishi kwa kupita tu, akizungumza jambo jingine. Basi. Hatuonyeshwi jeneza wala mlio wa bunduki. Nafikiria filamu hiyo ingepigwa huku kwetu: tungekuwa na hema, viti vya kukodi, spika mbili, orodha ya wasemaji na mwakilishi wa mheshimiwa. Tungepiga mazishi siku tatu, na mimi ningeletewa picha zote nipunguze.

Niingie upande wa pili, wa maonyesho yasiyo na kazi.

Mwaka 2000 Cameron Crowe alitoa Almost Famous, kijana wa miaka 15 anayezunguka na bendi ili aandike makala ya gazeti. Ukumbini ilikuwa na takribani dakika 122. Baadaye likatoka toleo la dakika 162. Dakika 40 zaidi! Mtu wa mkasi angeruka. Lakini lile toleo refu mimi nalipenda kuliko fupi, kwa sababu kilichoongezwa humo kwa sehemu kubwa ni kukaa: kukaa ndani ya basi, kukaa kwenye vyumba vya hoteli na watu wasiolala. Kijana akiwa mbali na mama yake, siku ni ndefu, na urefu huo lazima mtazamaji auhisi kwenye makalio.

Filamu hiyo hiyo ina onyesho jingine ambalo halikurudi hata kwenye toleo refu. Kijana anataka mama yake amruhusu kwenda safari na bendi. Anamketisha sebuleni na kumpigia Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, wimbo mzima, karibu dakika nane, mama akisikiliza. Halikukatwa kwa sababu ya sanaa; ruhusa ya kutumia wimbo haikupatikana. Kwenye diski waliliweka pembeni bila muziki, na mtazamaji anaambiwa aweke santuri yake mwenyewe, abonyeze kwa wakati mmoja. Mama anasikiliza, kijana anamtazama mama akisikiliza, na hakuna kinachotokea. Hapo pana filamu nzima. Nakiri dakika nane ukumbini ni nyingi, ningeacha tatu. Lakini hizo tatu ningezipigania.

Na Boyhood ya Richard Linklater je? Alianza kupiga picha mwaka 2002, akarudi kwa waigizaji wale wale mwaka baada ya mwaka, filamu ikatoka 2014, dakika 165. Ukimpa mtayarishaji wa kawaida filamu ile, atakwambia nusu yake ni maonyesho ya kukata. Kukata nywele, kuhama nyumba, kukaa nyuma ya gari. Mwishoni kijana anafunga mizigo aende chuoni, na mama yake analia kwamba alidhani kungekuwa na zaidi. Machozi yale yana uzito kwa sababu tumezimaliza saa mbili na nusu za hayo madogo pamoja naye.

Turudi nyumbani. Vijana wa Bungoma mpo? Nawaona. Mnajua mwaka shufwa ukifika Agosti kule ni msimu wa tohara, ni chinyimba, zile njuga za wanaotahiriwa, na nyimbo barabarani. Kila baada ya muda hunijia kijana na skripti ya filamu ya tohara, na kila skripti inakimbilia alfajiri: mtoni, matope mwilini, uwanja wa nyumbani, kisu, kijana hapepesi jicho. Sawa. Hilo ni jambo la dakika chache, na kamera hata hairuhusiwi kukaribia sana. Mimi huwauliza, siku ile kijana alipokwenda kwa mjomba iko wapi? Mjomba anachinja, anamvika kipande cha nyama shingoni, na kijana anarudi njia nzima nyama ile ikimgusa kifuani, na nzi, na wenzake wanaimba, na yeye hawezi kurudi nyuma tena. Hapo ndipo anapokua, njiani, na nzi. Wananijibu, "Tulipiga hiyo, tukaikata, ilikuwa inachelewesha kisu."

Sasa niwape ya kwangu, kwa sababu mwongozaji wake ameketi hapa mbele na ameniruhusu, ingawa kwa shingo upande. Ni filamu fupi tuliyoipiga hapa Kisumu, enzi zile za KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kuhusu msichana wa Dunga aliyeitwa shule ya bweni. Meza ya uhariri ililetewa maonyesho mawili, na muda uliruhusu moja.

Onyesho la kwanza: jioni, ufukweni, mama anamweleza binti yake kwa nini baba aliondoka. Mwigizaji analia vizuri mno. Nyuma yake mashua zinaondoka kwenda kuvua omena, taa zinaanza kuwaka ziwani. Kila aliyeliona alishika kifua.

Onyesho la pili: soko la Kibuye, kwa fundi wa masanduku. Msichana na mama wananunua sanduku la bati. Mama anagonga kifuniko kwa vidole, anafungua na kufunga, anajaribu bawaba, anauliza kama kuna kufuli bure. Fundi anacheka, hakuna kufuli bure. Mama anageuka upande, anafungua fundo la leso, anahesabu, anafunga tena fundo. Fundi anachovya brashi ndogo kwenye mkebe wa rangi nyeupe, anauliza jina. Msichana anataja la kwanza, fundi anaandika, ulimi ukitokeza kidogo pembeni ya mdomo. Anataja la pili. Fundi anasubiri, brashi hewani, rangi inadondoka tone moja kwenye kiatu chake. "La tatu?" Msichana anamtazama mama. Mama anakagua bawaba. Msichana anasema, "Mawili yanatosha." Fundi anapiga mstari chini ya majina mawili.

Dakika tatu. Wafadhili walipotazama toleo la kwanza wakasema sanduku likatwe, hakuna kinachotokea, na kilio kibaki. Likakatwa. Filamu ilionyeshwa hivyo mara ya kwanza, watu walilia, wakanywa soda, wakaenda nyumbani. Nilikaa na mwongozaji wiki kadhaa tukibishana, mimi nikimwambia kwamba kilio cha ufukweni kinamweleza mtazamaji jambo ambalo brashi ilikwisha kumwambia, tena kwa sauti ya mama, wakati filamu si ya mama. Msichana ndiye anayekua pale Kibuye. Yeye ndiye anayeamua jina. Ufukweni yeye amekaa tu akisikiliza.

Sanduku likarudi. Kilio nacho hakikutoka, kwa sababu mwongozaji hakukubali, na hadi leo hakubali. Kwa hiyo filamu sasa ina yote mawili, na mimi naona ina dakika nne za ziada. Yeye anaona ina moyo.

Jambo moja kuhusu nani anashika mkasi. Kukata kwa mhariri ni kitu kimoja, kukata kwa kengele ya padri ni kingine. Sisi tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na tunayo bodi ya kuainisha filamu. Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, mwaka 2018. Hapa nyumbani ilipigwa marufuku Aprili mwaka huo huo. Mwongozaji alisimulia kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, akakataa. Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Kila mtu ana maoni yake kuhusu filamu ile na leo siyagusi. Nasema tu kwamba mwisho wa filamu ya kukua ukiamriwa na mtu wa nje, aliyetarajiwa kukua haruhusiwi kufika popote.

La mwisho ni la kazi. Wazungu wanaweza kubishana juu ya matoleo marefu kwa sababu waliyatunza. Sisi hatukuyaona hata yao: tulikua na zile diski za filamu nane kwa moja, na anayebana filamu nane kwenye diski moja hakuachii nafasi ya maonyesho yaliyokatwa. Na yetu wenyewe tunayafuta. Najua mnavyofanya, nami nimeishi hivyo. Filamu ikiisha Alhamisi, diski ya kuhifadhia picha inasafishwa ili Jumamosi irekodi harusi ya mtu, maana harusi inalipa na filamu hailipi. Nawasihi sana. Kabla ya kufuta, nakili maonyesho mliyoyakata, hasa yale yasiyo na kazi. Andikeni juu ya diski kwa kalamu isiyofutika ni filamu gani na mwaka gani. Mkishindwa kununua diski, changeni watatu watatu. Mimi nilikaribia kulipoteza sanduku hivyo hivyo. Lilisalimika kwa sababu bwana harusi aliahirisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fundi wa umeme, tafadhali zima taa za mbele. Tutaonyesha filamu mara mbili, kwanza yenye sanduku peke yake, halafu yenye kilio peke yake, kila moja dakika 20. Mwongozaji ataketi upande wa kulia, mimi kushoto. Kisha mtainua mikono, na msituonee haya.